Ndiyo za Russell

Jumatatu, 3 Novemba
Kevin amenipa daftari hili. Kevin ndiye anayempitia Russell asubuhi nne kwa wiki kwa basi dogo na kumpeleka kituo cha kutwa cha halmashauri, na huko hushinda naye, wakioka mikate na kupanda mboga pamoja na wenzake. Anasema wazazi wote tumeambiwa tuandike kila tunachowafanyia watoto wetu. Halmashauri inapunguza matumizi, na kila mtu mzima mwenye ulemavu wa akili atatembelewa na kuhojiwa ili ijulikane anahitaji msaada kiasi gani.

"Andika hata vitu vidogo, Bi Hilda."

Nikamwambia, niandike nini? Mimi ni mama yake, nafanya wanayofanya akina mama. Russell ana miaka arobaini na mbili. Basi, nimeandika. Mvua imenyesha kutwa.

Jumanne, 4 Novemba
Afisa wa ustawi wa jamii anakuja Alhamisi. Nimefua mapazia. Jioni Russell ametoa nje mapipa ya takataka ya mtaa mzima, kama kila Jumanne: ya kwetu, ya Norman jirani, hadi ya yule bibi wa kona. Hakosei, maana mimi husimama mlangoni nikimwonyesha ni wiki ya pipa la kijani au la kahawia. Norman, ambaye ni diwani wetu, alifungua dirisha akapiga kelele, "Russell, ungekuwa meya wewe, mji huu ungeng'aa!"

"Ndiyo," Russell akamjibu.

Jumatano, 5 Novemba
Usiku wa fataki wa kila mwaka, na milio yake humtisha. Russell amekaa chini ya meza tangu magharibi, mito miwili masikioni. Nimekaa naye hukohuko na keki ya tangawizi mpaka zilipokwisha. Magoti yangu si yangu tena.

Alhamisi, 6 Novemba
Amekuja, amekwenda, na sisi tumeng'ara! Jina lake Imogen Slater, binti mdogo tu, ana mafua, na viatu vyake vilikuwa vimelowa. Nilimvua koti nikaliweka karibu na moto. Russell nilikuwa nimemvalisha tai ya baba yake na kumnyoa, na chai alimwandalia yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeshajaza birika la umeme maji ya vikombe vitatu, nimeweka majani kwenye buli na maziwa kwenye jagi, biskuti kwenye sahani. Kazi yake ilikuwa kubonyeza na kumimina, na alimimina bila kumwaga hata tone. Imogen akasema hajawahi kukaribishwa hivyo tangu aanze kazi.

Halafu akafungua kompyuta yake magotini.

"Russell, unaweza kupika?"

"Ndiyo."

"Kitu gani?"

Russell akanitazama. Nikatazama jikoni, kwenye oveni. "Nyama ya kuoka," akasema. "Jumapili."

"Hongera! Na dukani unakwenda peke yako?"

"Ndiyo."

"Unajua kurudi?"

"Ndiyo."

Nikaongeza na yale ya mapipa, kwamba mtaa mzima unamtegemea. Imogen akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama nachoka. Ningejibu nini, mbele yake mwenyewe, na tai shingoni? Nikasema hanisumbui hata kidogo. Sisi katika ukoo wetu hatujapata kwenda kulia shida ofisini kwa mtu. Nilipika kwenye shule za mji huu miaka yangu yote ya kazi, na mama yangu alinifundisha kwamba mgeni haonyeshwi kapu la nguo chafu.

Baadaye, uani, Norman aliniuliza imekwendaje. Nikamwambia. Akakuna shingo. "Hilda," akasema, "umemwambia na ya jana? Ya chini ya meza?"

"Ya nini kumwaibisha mwanangu?"

Akaingia ndani kwake. Yeye anakaa kwenye kamati ya bajeti ya halmashauri, nilipaswa kumtazama usoni vizuri zaidi.

Jumatano, 12 Novemba
Upepo. Pipa la bibi wa kona limekutwa bustanini kwa watu.

Alhamisi, 27 Novemba
Jibu limekuja. Wanampongeza Russell kwa "kujitegemea kwa kiwango kikubwa". Kwa hiyo, kuanzia tarehe nane Desemba, siku zake za kituoni zinashuka kutoka nne hadi moja, Ijumaa tu. Nimesoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Nikapiga simu. Muziki, muziki, kisha kijana mmoja akaniambia, "Lakini mama, hizi ni habari njema, mwanao ameendelea."

Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia mwanangu hawezi kufunga zipu ya koti lake, anafungiwa na mimi. Akasema hilo halimo katika tathmini. Nikasema halimo kwa sababu lilikuwa limeshafungwa!

Nimekata simu kwa kishindo. Russell ameniuliza kama amefanya vibaya. Nimemwambia hapana, umefanya vizuri mno, na hicho ndicho kilichotuponza.

Jumatatu, 8 Desemba
Amevaa koti na mkoba wake, amesimama dirishani akingoja basi. Nimemweleza tangu wiki iliyopita. Nimemchorea hata picha. Basi limepita kwenda kuwachukua wengine, Kevin amepunga mkono, Russell amepunga mkono. Amesimama mpaka saa sita mchana.

Jumanne, 9 Desemba
Dirishani.

Jumatano, 10 Desemba
Dirishani. Amekataa kuvua koti akala nalo.

Ijumaa, 12 Desemba
Ameenda kituoni! Amerudi na mkate wenye umbo la kobe. Jioni nyumba ilikuwa na uhai tena.

Jumatatu, 15 Desemba
Dirishani. Barafu nyembamba juu ya kila kitu. Ameanza tena kuuma mkono wake, pale chini ya kidole gumba, kama alivyofanya mwaka aliofariki baba yake. Nimefunga kitambaa. Amekiuma kitambaa.

Jumanne, 16 Desemba
Kevin amekuja kwa muda wake mwenyewe, na chips za watu watatu. Amesoma daftari hili mpaka hapo nilipolifikisha. Alipofika kwenye chai, akafunika uso kwa kiganja.

"Bi Hilda, ulimjazia birika."

"Si ndivyo inavyofanywa?"

"Ulimtazamia oveni!"

Nikasema sikumtazamia, nilitazama tu. Akacheka bila furaha. Akasema tuna haki ya kudai tathmini irudiwe, naye ataandika maombi pamoja nami, lakini safari hii lazima nisimwonyeshe Russell wa siku ya wageni. "Waonyeshe siku yake mbaya kuliko zote. Na lile neno lake la ndiyo, Bi Hilda. Anamwambia kila mtu ndiyo. Wewe ndiye uliyemfundisha adabu hiyo."

Ni kweli. Alipokuwa mdogo watu barabarani walikuwa wakimwogopa. Nikamfundisha: mtu akikuuliza, tabasamu, sema ndiyo. Walipenda. Nilijivuna nayo sana.

Alhamisi, 25 Desemba
Bata, viazi, kofia za karatasi za Krismasi. Russell alisimama dirishani na kofia yake kichwani. Leo hata mabasi ya kawaida hayapiti.

Jumanne, 6 Januari
Theluji ya kwanza. Mapipa yote nje. Norman ametuletea mafuta ya kikohozi, maana kifua changu kimeziba. Nimeyapokea kizingitini. Tangu Novemba namsalimia kwa kidevu tu, kwa sababu ya kamati yake.

Jumatatu, 12 Januari
Ni lazima niandike ya jana.

Baada ya chakula cha mchana nilikaa kwenye kiti changu. Nilikuwa na homa. Nilifumba macho kidogo tu, Russell akiwa dirishani kama kawaida, theluji ikianguka nje. Nilipoamka chumba kilikuwa kimeanza kuwa giza, na pale dirishani hapakuwa na mtu. Koti halipo. Mkoba haupo. Mlango haukufungwa vizuri na theluji ilikuwa imeingia hadi kwenye zulia.

Nilitoka na viatu vya ndani. Nikaita. Theluji inameza sauti, unaita kama uliye ndani ya kabati. Nyayo zake zilikwenda hadi mwisho wa mtaa, kisha barabara kuu, na huko magari yalikuwa yamezivuruga zote. Nikamgongea Norman kwa ngumi zote mbili. Alitoka na leso ya kulia chakula shingoni. Sikumaliza hata sentensi, alishachukua funguo za gari.

"Rudi ndani ukae na simu," akasema. "Angekwenda wapi?"

"Anajua njia moja tu."

Polisi walikuja wawili, mmoja akaandika, mwingine akanifunika blanketi. Wakaniuliza kama anaweza kujieleza. Nikasema anaweza kusema ndiyo. Walidhani nimechanganyikiwa. Simu ikapigwa na mtu wa huko barabara kuu: alimwona mtu mzima mwenye mkoba akitembea pembeni ya magari, akasimamisha gari lake, akateremsha kioo. "Uko sawa, kaka?" "Ndiyo." "Unajua unakokwenda?" "Ndiyo." Basi akaenda zake. Mtu mwema kabisa, alikuwa akilia kwenye simu. Siwezi kumlaumu. Afisa wa halmashauri alikaa saa nzima sebuleni kwangu na biskuti, na aliamini hivyohivyo.

Norman alimkuta kwenye ngazi za kituo. Jumapili, pamefungwa, taa zote zimezimwa. Alikuwa amekaa na mkoba mapajani akingoja wafungue, zipu wazi mpaka kiunoni kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Norman anasema alimuuliza, "Russell, una baridi?" naye akasema ndiyo, na hiyo ndiyo pekee ya siku nzima iliyokuwa kweli.

Hospitali wanasema atapona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto bado havihisi kitu. Norman alikaa na sisi mpaka wakatuleta wodini, na shati lake tu, maana koti lake lilikuwa kwa Russell. Nilimkumbatia mbele ya manesi. Tumbo lake lilikuwa likitetemeka kwa baridi, na nilisahau yote niliyokuwa nimemwekea tangu Novemba.

Jumatatu, 19 Januari
Tumerudi nyumbani. Nimeweka komeo la juu kwenye mlango. Namfungia ndani mwanangu. Nimeandika hivyo nione linavyoonekana.

Jumanne, 20 Januari
Dirishani. Mapipa ametoa, mimi nimeshika ncha ya koti lake.

Ijumaa, 6 Februari
Tumepewa tarehe ya tathmini ya pili, Machi tano, ofisini kwao. Kevin amesema tujiandae. Nimesema sijiandai tena kwa jambo lolote.

Jumatano, 25 Februari
Norman amegonga mlango akitokea moja kwa moja kwenye kikao. Alikuwa bado na beji ya udiwani.

"Nimetaka uisikie kwangu," akasema. "Bajeti imepita. Vituo vya kutwa vimekatwa tena. Nimenyoosha mkono, Hilda."

Nilidhani sikusikia. "Wa kukubali?"

"Tungeikataa, serikali ingeleta watu wake, nao wangekata mpaka mfupa. Wazee wa majumbani, watoto wa kulelewa, hela ni hiyohiyo moja. Niambie ningemnyang'anya nani."

"Wewe ulimwokota na mikono yako!"

"Najua nilimwokota."

"Ulinyoosha mkono gani? Uleule?"

Akasimama hapo mvuani, uso umemwiva. Angenijibu kwa ukali ningemshukuru. Alisema tu kwamba waliokwisha kuthibitishwa mahitaji yao kabla ya Aprili hawataguswa, na kwa hiyo tarehe tano nisikosee. Nikamfungia mlango. Sasa nimekaa hapa na sijui kama alikuja kuniumiza au kunisaidia. Nadhani hata yeye hajui.

Jumanne, 3 Machi
Nimemkataza Russell asitoe pipa la Norman. Amesema ndiyo. Kisha akalitoa.

Alhamisi, 5 Machi
Niandike yote, na niandike yalivyokuwa.

Sikumnyoa. Sikumvalisha tai. Nilimwacha avae mwenyewe, na akaingia ofisini kwa watu na zipu wazi, vifungo vya shati vimepishana na shati nje. Nilijihisi kama niliyemtembeza uchi. Kevin alikuja nasi. Upande wa pili wa meza alikaa Imogen, amekonda, na kando yake bwana mmoja wa upande wa fedha, Bwana Tattersall, mwenye sauti nzuri ya redio.

Imogen alianza kwa maswali yaleyale. Unaweza kupika? Ndiyo. Dukani peke yako? Ndiyo. Bwana Tattersall akafungua mikono kama anayesema, mnaona wenyewe. Kevin akanigusa kiwiko. Tulikuwa tumekubaliana, na usiku kucha nilikuwa nimeomba nisifike hapo.

"Naomba nimuulize mimi," nikasema. Nikamgeukia mwanangu. "Russell, jana ulikwenda mwezini?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye unayeendesha lori la takataka?"

"Ndiyo."

"Mimi ni binti yako?"

"Ndiyo, Mama."

Bwana Tattersall akacheka. Si kwa ubaya, ilimtoka tu. Russell akacheka naye, kwa sababu hucheka watu wakicheka. Kisha akanitazama mimi, nami sikuwa nikicheka, akaona. Sijui aliona nini hasa, lakini kicheko chake kilikatika katikati na akaupeleka mkono mdomoni, pale chini ya kidole gumba. Nilimfanya kichekesho mbele ya wageni, mimi niliyetumia maisha yangu yote asiwe hivyo. Nikawasomea ya Januari kumi na moja kutoka humu. Nilikuwa na hasira mno.

Nilipomaliza nikafunga daftari. Bwana Tattersall akanigeukia, akasafisha koo.

"Nakubali, Bi Thwaite. Majibu yake hayategemeki. Lakini basi lazima niwe wa haki kwa pande zote. Mnasema anataka kurudi kituoni. Tukimuuliza atasema ndiyo, na mmetuonyesha sasa hivi kwamba ndiyo yake haina maana. Usalama wake tunaweza kuulinda hata nyumbani, kwa kifaa cha mlangoni kinacholia akitoka. Ni nafuu zaidi."

Nilikuwa nimemvua mwanangu kila kitu, mpaka na lile neno lake moja, ili nishinde, na sasa wanalitumia kutupiga.

Imogen ndiye aliyeweka kalamu chini. Akazunguka meza na kiti chake, akakaa kando ya Russell, si mbele yake.

"Russell," akasema. "Unapenda kukaa nyumbani na mama kila siku?"

Mtoto mwenye adabu jibu lake analijua. Russell akageuka kunitafuta macho. Nami nilielewa kwamba hivi ndivyo tumeishi sisi wawili, yeye akisoma usoni mwangu rangi ya pipa, oveni, na kila jibu la kumpa mtu mwenye kalamu. Nikatazama meza. Nikaitazama kwa nguvu zangu zote, mikwaruzo yake na alama za vikombe, nisimwambie lolote kwa uso wangu. Nilimsikia anahema kwa pua. Ilichukua muda mrefu sana.

"Hapana," Russell akasema.

Imogen akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hapana?"

"Hapana. Nyumbani ni dirisha tu."

Nilikaa nikaitazama ile meza. Nilikuwa nataka jibu hilo kuliko kitu chochote duniani, na lilipokuja lilinichoma moyo. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye nyumba. Bwana Tattersall aliandika kitu. Imogen alikuwa anatafuta leso na safari hii haikuwa mafua.

Nje, kwenye ngazi, nikamfunga Russell vifungo upya. Alisimama akafungwa, lakini hakuniangalia.

Alhamisi, 12 Machi
Siku tatu kwa wiki, zimethibitishwa mpaka mwakani. Zilikuwa nne. Imogen amenipigia mwenyewe kabla ya jibu lenyewe kufika, na amesema anaacha kazi hii mwezi wa Mei. Nimemwambia, mwanangu, pitia unywe chai kabla hujaondoka. Ila safari hii utajaza birika mwenyewe.

Nimempelekea Norman habari. Alikuwa uani. Akakaa juu ya ndoo na kusema, "Ah." Bado sijamsamehe ule mkono. Nilimpa kipande cha keki.

Jumatatu, 16 Machi
Jua, baridi bado. Nimetoa komeo mlangoni, limeacha matundu mawili. Russell alisimama na koti na mkoba tangu alfajiri, na basi dogo lilipopinda kona halikupita, likasimama. Kevin akapiga honi mpaka bibi wa kona akatoka.

"Nikusindikize?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema, akaenda. Kwenye lango aligongana na pipa, akaliomba radhi, akapanda.

Nyumba ilikuwa kimya kutwa. Nilifua, nikalala kidogo, nikaamka nimeshtuka nikitazama dirisha, kisha nikakumbuka. Jioni amerudi na unga kwenye nyusi, vidole vyake vile viwili vimefungwa plasta ya rangi, akazungumza bila kupumua habari za mkate. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu, sijui kilichoniingia, nikamuuliza.

"Mchana ulinikumbuka?"

Akanitazama usoni kutafuta jibu. Nikageuka nikaitazama meza.

"Hapana," akasema.

Nimecheka mpaka nikalia, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka. Kisha nikamuuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo, nikamwachia birika likiwa tupu, nikakaa kwenye kiti changu nikasikiliza bomba la maji.